Chombo Hakirudi Kitupu

Jumapili iliyopita tulimfanyia binti wa dada yangu sherehe ya kufuzu chuo kikuu. Hema lilisimamishwa uani, pilau ikapikwa sufuria tatu, muziki ukarindima tangu adhuhuri. Ng'ambo ya ukuta wetu kuna vyumba vya mabati, na katika kimoja mlikuwa na matanga: mama anayetufulia nguo kila Jumatano alifiwa na mumewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulijua. Tulipata habari asubuhi, tukashauriana, tukaafikiana kwamba wageni wameshaalikwa na hema limeshalipiwa. Tukapunguza sauti ya spika, basi.

Jioni dada yangu akakwangua pilau iliyobaki, yenye ukoko, akaongeza nyama iliyokuwa mifupa zaidi kuliko mnofu, akanituma niipeleke. Nikaipeleka.

Nilipovuka lango niliikumbuka "The Garden Party", hadithi fupi ya Katherine Mansfield, mzaliwa wa New Zealand, iliyotoka kitabuni mwaka 1922. Familia tajiri inaandaa karamu bustanini. Chini ya mteremko, kijana mwendesha mkokoteni wa farasi amekufa, ameacha mke na watoto watano. Laura, binti wa wenye karamu, anataka sherehe ivunjwe. Mama yake anamvisha kofia nzuri, naye ananyamaza. Baadaye anatumwa na kikapu cha mabaki. Mansfield anamweka mjane mbele ya Laura, uso umevimba kwa kulia, haelewi mgeni huyu kafuata nini. Hadithi inaishia kwenye moyo wa Laura. Mjane tunamwacha palepale jikoni.

Sasa ilinganishe na "Tumbo Lisiloshiba" ya Said A. Mohamed, iliyosomwa sana katika sekondari zetu hapa Kenya. Humo wanyonge wa Madongoporomoka wana majina, wana baraza, wana Mzee Mago anayewahimiza wasiiachie ardhi yao. Jitu linaingia mkahawani mwao na kufagia chakula chote, kisha mabuldoza yanafuata. Mkahawa ni wa maskini, na mlaji ni mwenye nguvu. Mwandishi ameigeuza karamu juu chini, na ndiyo maana hadithi yake naipenda zaidi: haiulizi tajiri anajisikiaje, inauliza amekula cha nani.

Utaniambia namwonea Mansfield, kwamba alikusudia hasa kutuonyesha upofu wa Laura. Nakubali, na hadithi yake ni ya ustadi mkubwa. Lakini nimefundisha fasihi miaka mingi, na nimewaona wanafunzi wakimaliza kuisoma wakimhurumia Laura. Utaniambia pia kwamba bora ukoko kuliko kulala njaa. Hapo sikubali. Sufuria ya kwanza ilikuwa moto tangu saa sita. Kwa nini haikuvuka ukuta wakati huo?

Jumanne mtoto wa yule mama alituletea sufuria yetu. Ilikuwa imesuguliwa kwa majivu mpaka masizi ya miaka yametoka, na ndani mlikuwa na fungu la sukuma wiki lililofungwa kwa ukambaa na mayai matatu. Nyumba yenye maiti isiyozikwa, na bado ilikumbuka kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu. Dada yangu akatazama, akasema, "Kwani huyu anafikiri hatuna mboga?"

Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki hii. Dada yangu si mtu mbaya. Analipa karo ya watoto wasio wake. Ila alipotuma ile pilau hakutarajia kurudishiwa kitu, kwa sababu hakuwa amempelekea jirani. Mama yule aliipokea kama jirani, akajibu kama jirani.

Sukuma ile niliikata mwenyewe, nikaipika na mayai, tukala sote. Mazishi ni Jumamosi. Nimeomba ruhusa kazini tangu Ijumaa, nikamenye viazi na akina mama wenzangu kabla moto haujawashwa.