Haki ya Kuhesabiwa: Fedha za Utafiti na Magonjwa ya Utumbo Vijijini

Ugawaji wa fedha za utafiti wa tiba hufuata kanuni inayokubalika kirahisi: fedha ziende kwenye mzigo mkubwa wa ugonjwa. Tangu ripoti ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993, mzigo huo hupimwa kwa miaka ya uhai wenye afya ambayo watu huipoteza, ama kwa kufa mapema ama kwa kuishi na maradhi. Kanuni hii inachukulia kwamba mzigo umekwisha kupimwa kabla fedha hazijagawanywa. Kwa magonjwa yanayohitaji vifaa vya gharama ili yatambuliwe, dhana hiyo huanguka pale umeme, barabara na madaktari bingwa vinapokoma. Fedha hazitoki kwa sababu takwimu hazipo, na takwimu hazipo kwa sababu fedha hazikutoka.

Magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo yanaonyesha tatizo hili kwa uwazi. Makuu ni mawili: ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa New York mwaka 1932 na Burrill Crohn na wenzake. Kinga ya mwili hushambulia utumbo kwa sababu ambazo hazijaeleweka zote, na mara nyingi magonjwa haya huanza ujanani. Mwaka 2017 wagonjwa duniani walikadiriwa kuwa milioni 6.8. Kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa maradhi ya nchi tajiri, lakini sasa wagonjwa wapya wanaongezeka Asia, Afrika na Amerika Kusini.

Katika kijiji cha mbali, mgonjwa huanzia zahanati. Anaharisha damu, tumbo linamsokota, anakonda. Mganga humpa dawa ya amiba, kisha pengine ya kichocho au ya homa ya matumbo, kwa kuwa hayo ndiyo anayokutana nayo kila wiki. Akifika hospitali ya wilaya, huenda akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, maana kifua kikuu cha utumbo na ugonjwa wa Crohn hufanana kiasi cha kumsumbua hata bingwa aliyeshika kamera, na hata anayetazama kwa hadubini. Katika mlolongo huu hakuna aliyezembea. Kila uamuzi una busara yake kwa vifaa vilivyopo. Jina sahihi la ugonjwa linahitaji kolonoskopi, yaani kamera ya kutazama ndani ya utumbo mpana, mtaalamu wa kuiendesha, kipande kidogo cha ukuta wa utumbo, na mwanapatholojia wa kukisoma. Kwa kawaida vyote hivyo hupatikana pamoja katika hospitali kubwa za mijini. Asiye na nauli huandikwa “kuhara” katika daftari, na daftari hilo ndilo baadaye huitwa takwimu.

Historia ya Afrika Mashariki ina mfano wa hatari ya kuliamini daftari kama hilo. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi za misheni barani na kuona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyojaa Uingereza hayakuonekana vijijini Afrika. Alihusisha hali hiyo na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Wazo lake lilizaa matunda na halipaswi kubezwa. Hata hivyo, hospitali isiyo na chombo cha kutazama utumbo haiwezi kutoa ushahidi kwamba ndani ya utumbo hamna kitu. Mwaka 1964 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha taarifa ya Waafrika wanne wenye vidonda vya utumbo mpana visivyotokana na amiba wala bakteria. Wanne ni wachache, lakini walitosha kuonyesha kwamba “haupo” lilikuwa neno lililotamkwa mapema mno.

Hapa pana tofauti ya kifalsafa ambayo wagawaji wa fedha huipita haraka. Kuna kutojua kunakobaki baada ya kutafuta, na kuna kutojua kwa kuwa hakuna aliyetafuta. Kutojua kwa kwanza ni ushahidi, hata kama hafifu. Kwa pili hakuthibitishi lolote, ingawa katika jedwali vyote viwili huandikwa sifuri. Na kwa vile kutotafuta ni matokeo ya uamuzi wa mtu fulani, sifuri ya namna hiyo ina mwenye kuwajibika.

Matokeo ya kutafuta hayajulikani kabla. Nchini Kanada, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliokulia vijijini, hasa utotoni, hupata magonjwa haya kwa uchache kuliko wa mijini. Nchini India, madaktari wa Hyderabad waliwachunguza kwa kolonoskopi watu zaidi ya 30,000 wenye dalili za tumbo, wa mijini na wa vijijini, na wagonjwa wakapatikana pande zote mbili. Kijiji kinaweza kumkinga mtu, na kinaweza pia kumficha. Lipi ni lipi hujulikana kwa kupima tu.

John Rawls, katika nadharia yake ya haki ya mwaka 1971, alitaka kanuni za jamii zichaguliwe na watu wasiojua watazaliwa katika nafasi gani. Mtu wa namna hiyo asingeridhika na kanuni ya mzigo peke yake. Angeogopa umaskini, na zaidi ya hapo angeogopa kuzaliwa mahali ambapo mateso yake hayaingii kwenye hesabu. Angedai kwanza haki ya kuhesabiwa, kisha ndipo ashindane na wengine kwa fedha za tiba.

Pingamizi lililo kubwa ni hili: fedha hizo hizo zingenunua vyandarua, chanjo na maji safi. Pingamizi hili lina ukweli ambao hauondolewi kwa maneno matamu. Kijiji kisicho na maji kianze na maji. Lakini haki ya kuhesabiwa haidai mafungu yaliyo sawa. Inadai kiasi cha kutosha kujua. Pia kolonoskopi iliyonunuliwa kwa ajili ya ugonjwa wa Crohn huonyesha saratani, kifua kikuu na madhara ya kichocho, na mwanapatholojia aliyefunzwa hasomi ugonjwa mmoja. Tena pingamizi hilo huwa zito zaidi linapotamkwa na wanakijiji wenyewe kuliko linapotamkwa na mfadhili anayetafuta sababu ya kutotoa.

Iko pia hali ya fedha kufika kijijini kwa ajili ya watu wengine. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, wametoa kinyesi chao kwa watafiti. Matokeo yaliyochapishwa 2014 na 2017 yalionyesha wingi wa aina za bakteria ambazo wakazi wa nchi za viwanda wamezipoteza. Moja ya matumaini ya utafiti huo ni kueleza ongezeko la maradhi ya utumbo katika nchi hizo. Elimu hiyo ni ya thamani. Lakini jamii inayotoa jibu la swali la wengine inastahili pia kuulizwa swali lake.

Na maswali ya vijijini hayatajibiwa kwingine. Dawa ya infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na inahitaji kuhifadhiwa kwenye baridi. Sulfasalazini na azathiopurini ni dawa za zamani, za bei nafuu zaidi, lakini azathiopurini huhitaji damu ipimwe mara kwa mara. Ni dawa ipi inafaa mahali ambapo kifua kikuu kimeenea na maabara iko mbali, ipimwe vipi na kwa gharama ya nani, ni jambo ambalo hospitali za Ulaya hazina sababu ya kulichunguza. Ruzuku ya utafiti inayotolewa kwa jamii hizo inapaswa kubeba swali hilo tangu kwenye andiko la mradi, pamoja na fungu la kuwatibu watakaogundulika wakati utafiti ukiendelea na baada ya watafiti kuondoka.