Je, kimya cha mwenye nyumba ni idhini?

Katika miji yetu mtoto hufundishwa adabu ya hodi kabla hajajua kusoma. Unafika mlangoni, unatoa salamu, unapiga hodi. Usipoitikiwa unarudia hadi mara tatu, kisha unakwenda zako. Hata mlango ukiwa wazi, na hata ukisikia sauti za watu ndani, kimya cha mwenye nyumba hakigeuki kuwa ruhusa.

Suala ninalotaka tulitafakari ni hili: je, adabu hiyo inakomea kwenye mlango wa mbao, au inafika pia kwenye kompyuta iliyopo sebuleni? Nauliza kwa sababu nimeona kompyuta nyingi za majumbani ambazo wenyewe hawajui nusu ya programu zilizomo. Mtu alitaka programu moja ya kusikiliza muziki, zikaingia na nyingine tatu: moja imebadilisha ukurasa wake wa kwanza wa intaneti, moja inarusha matangazo, na ya tatu inafuatilia kila anachokitafuta. Ukimuuliza nani kaziweka, hajui. Lakini waliozitengeneza watasema kakubali mwenyewe, kwani alibonyeza "Next" mara nne mfululizo na hakuiondoa alama ya vema iliyokuwa imekwishawekwa kisandukuni.

Tafakari, ndugu msomaji. Mgeni amejipigia hodi, amejijibu karibu, kisha anadai mwenye nyumba alinyamaza!

Wala wasidhani watu kwamba hii ni tabia ya wahuni wa mitaani tu. Mwaka 2005 kampuni kubwa ya muziki ya Sony BMG iliuza santuri za CD ambazo, zikitiwa katika kompyuta ya Windows, ziliweka programu ya kuzuia watu kunakili nyimbo. Masharti yalitaja kwamba kuna programu ndogo itakayowekwa. Hayakusema kwamba programu hiyo itajificha ndani kabisa ya mfumo, wala kwamba mwenye kompyuta hatakuwa na njia ya kawaida ya kuiondoa. Mtaalamu mmoja, Mark Russinovich, aliigundua katika kompyuta yake na kuianika hadharani Oktoba 31 mwaka huo. Haukupita muda, watengenezaji wa virusi nao wakaitumia maficho yale yale kuficha virusi vyao. Mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Thomas Hesse, alipohojiwa na redio ya NPR ya Marekani, hoja yake ilikuwa kwamba watu wengi hawajui hata kitu hicho ni nini, basi kwa nini kiwashughulishe. Hatimaye kampuni ilizirudisha santuri hizo kutoka madukani, na Januari 2007 ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, ikiwa ni pamoja na kuwalipa walioharibikiwa kompyuta hadi dola 150.

Hoja ile ya Hesse ndiyo kiini cha dhulma yenyewe. Ridhaa haipatikani bila ya kujua. Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa hawezi kujitetea kwamba mnunuzi hakuuliza. Vivyo hivyo, anayeandika masharti ya kurasa ishirini kwa herufi ndogo, huku akijua fika kwamba hakuna atakayeyasoma, hakuomba idhini bali ametega mtego. Ujinga wa mwenye nyumba haumhalalishii mgeni kuingia chumbani.

Hata hivyo, kumlaumu mvamizi hakumwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Kompyuta ya nyumbani ni amana. Mna picha za familia, kazi za watoto za shule, barua za watu na nywila za benki. Isitoshe, kompyuta iliyotekwa hutumika kutuma barua za kitapeli kwa watu ambao hawakuhusika na lolote. Uzembe wa mmoja unakuwa madhara ya wengi.

Na hapa tuambizane ukweli. Wangapi kati yetu wanatumia programu za kuibwa? Tunampa fundi fedha kidogo atuwekee Windows isiyo na leseni, au tunatafuta kijiprogramu cha kuvunja kufuli ya programu inayouzwa. Vijiprogramu hivyo ni miongoni mwa njia kubwa zinazopitisha virusi, maana anayevitumia huambiwa kwanza azime ulinzi wa kompyuta yake, naye huuzima kwa mkono wake. Tunachukua mali ya mtu bila idhini, kisha tunalalamika kwamba tumeingiliwa bila idhini. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Asiye na uwezo wa kununua ana mlango wa halali: zipo programu zinazotolewa bure na wenyewe kwa ridhaa yao, kama LibreOffice ya kuandikia na VLC ya kutazamia video.

Tufanye nini basi? Kwanza, akaunti ya usimamizi wa kompyuta iwe ya mtu mmoja na iwe na nywila. Wengine wote, na hata yeye katika kazi za kila siku, watumie akaunti ya kawaida, kwani programu nyingi zitalazimika kuomba nywila kabla ya kujiweka. Hiyo ndiyo hodi. Pili, pakua programu kutoka kwa aliyeitengeneza, si katika tovuti iliyotangulia kutokea. Tatu, wakati wa kuiweka, chagua njia inayokuonesha kila hatua, usome, na uondoe alama za vema usizoziweka wewe. Nne, ruhusu masahihisho ya mfumo. Windows 10, kwa mfano, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025, na anayeendelea kuitumia bila mpango wa ziada wa masahihisho anaishi katika nyumba ambayo kitasa chake hakitengenezwi tena.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki. Ni jambo jema. Lakini sheria huja baada ya mwizi kupita. Kabla yake ipo adabu, nayo ina pande mbili: anayeingia aombe, na mwenye nyumba ajue anamwitikia nani.