Sura Haitoshi, Andikeni na Majina

Wajukuu zangu, nawaona mnavyozipiga kwa simu picha za zamani, mkazituma kwenye kundi la ukoo, kisha mkabishana nani kachukua pua ya nani. Endeleeni, lakini nisikilizeni kidogo.

Huko Quebec, Kanada, yuko mpiga picha aitwaye Ulric Collette aliyeugeuza ubishi huo kuwa sanaa. Huwapiga picha watu wawili wa damu moja, mama na binti au ndugu na ndugu, kisha huunganisha nusu ya uso wa huyu na nusu ya uso wa yule. Nanyi mnaweza, tena bila mitambo. Mkalisheni bibi karibu na dirisha asubuhi, aitazame simu moja kwa moja, asicheke. Akiinuka, akae mjukuu palepale, mwanga uleule. Chapisheni picha mbili za ukubwa mmoja, mkate kwa mkasi kutoka katikati ya paji la uso, kupitia mgongo wa pua, hadi kidevuni. Huenda mkakuta macho yamelingana kama shilingi kwa ya pili, ila midomo imekataa. Huo mdomo nao una mwenyewe, pengine upande wa pili wa ukoo, kwa mtu ambaye hamjapata kuuliza habari zake.

Hapo ndipo ulimi unapopaswa kuchungwa. Kila mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, lakini nusu anayopata huyu siyo hasa anayopata mdogo wake. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana rangi na kimo, na sura ya babu ikaruka kizazi kizima na kutokea kwa mjukuu. Kuna na kinyume chake: mwaka 2022 watafiti wa Barcelona walichunguza jozi 32 za watu wanaofanana sana bila undugu wowote, waliokusanywa na mpiga picha mwingine wa Kanada, François Brunelle. Basi kufanana si ushahidi, na kutofanana si kesi. Asitokee mtu kumnyooshea mama yake kidole kwa sababu ya picha. Wazee walikwisha sema kitanda hakizai haramu, na walijua walichokuwa wakikilinda.

Wala msisome utajiri kwenye picha za studio. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, alikuwa na suti, saa na redio za kuwaazima wateja. Saa iliyo mkononi mwa babu yenu huenda haikutoka nje ya mlango wa studio. Picha ile inaonyesha alivyotaka kuonekana, na hilo nalo ni urithi.

Linaloniuma zaidi ni majina. Msanii wa Afrika Kusini, Santu Mofokeng, alikusanya picha za familia za Waafrika zilizopigwa kati ya 1890 na 1950. Wamevaa vizuri, wamesimama kwa heshima zao, na baadhi yao hadi leo hawajulikani ni nani. Walikuwa na watoto na majirani, hakuna aliyeandika.

Andikeni nyinyi. Tumieni penseli laini nyuma ya picha, pembeni, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kutia doa. Andikeni jina la mtu na la baba yake, mahali, na nani aliyewaambia. Mwaka msioujua msiubuni. Na mtoto wa kulelewa aliyesimama katikati ya wenzake aandikwe kama wenzake, asiachwe eti kwa kuwa pua yake ni ya kwingine.

Mkija sikukuu, acheni kwanza kupiga picha mpya. Shangazi yenu mkubwa bado anawatambua karibu wote waliomo kwenye albamu, na macho yake yanazidi kufifia. Kaeni naye mchana, kuna mwanga, mmoja ashike picha na mwingine aandike.