Subira ya Mama na Wajibu Wetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba waja wake kwa namna aitakayo. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu Waislamu, leo tuzungumze juu ya watoto wetu wanaohitaji elimu maalumu, na juu ya wazazi wao: mtoto mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, asiyesikia, asiyeona, na yule ambaye ufahamu wake hauendi sawa na wa wenziwe. Hapa Mombasa wamo Kisauni, wamo Likoni, wamo Majengo. Lakini zitazame safu zetu za Ijumaa, uitazame na mikeka ya madrasa zetu. Unawaona wangapi?

Mama zao wakija kwetu, jawabu letu huwa ni moja: "Subiri, dada, malipo yako yako kwa Mungu." Ni neno la haki. Ila subira ni ibada yake yeye, na kumsaidia ni ibada yetu sisi. Vipi tumhimize atekeleze yake, na yetu tumeiacha?

Itazameni asubuhi ya mama mmoja. Mwanawe ana miaka tisa, miguu imekakamaa. Amemwogesha, amemnywesha uji kijiko kwa kijiko asipaliwe, amembeba mgongoni mpaka barabarani, kisha amerudi kuchukua kiti cha magurudumu. Mwenye tuktuk anakitazama kile kiti, anataja nauli maradufu. Mama hana. Mtoto anarudishwa nyumbani, na shuleni anaandikwa mtoro. Huyu mama hakupungukiwa na subira. Alipungukiwa na nauli na mtu wa kumshikia kiti.

Ndugu zangu, turudi kwa Mtume wetu. Siku moja alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona. Mtume akakunja uso, akageuka, na Mwenyezi Mungu akateremsha aya za mwanzo za Sura Abasa kumlaumu kipenzi chake. Na zingatieni sahaba yule alikuja kutaka nini. Hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka kufundishwa. Baadaye akawa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na Mtume alipokuwa akisafiri, mara kadhaa alimwachia yeye mji wa Madina.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas kwamba mwanamke mmoja, aliyekuwa na kasoro katika akili yake, alimwambia Mtume kwamba ana haja naye. Mtume akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye hapo mpaka akamaliza haja yake. Hakumtumia mtu, wala hakumwambia arudi kesho. Alimpa wakati wake, tena hadharani, watu wakiona.

Na Itban bin Malik, macho yake yalipodhoofika na mvua ikawa inamkatia njia ya kwendea kwa watu wake, alimwomba Mtume aje amsalie nyumbani, mahali atakapopafanya pa kusalia. Asubuhi yake Mtume alikwenda pamoja na Abubakar, akasali naye. Ikiwa mtu hawezi kuufikia msikiti, basi watu wa msikiti na wamfikie yeye.

Sasa tuje kwetu. Wapo wanaomwambia mzazi kwamba mtoto amepagawa na jini, au kwamba ulemavu wake ni adhabu ya dhambi ya mama. Mtoto anazungushwa kwa waganga, na miaka yake ya kujifunza inapita. Kisomo cha Qur'ani ni haki, lakini Mtume huyo huyo ametuamrisha kujitibu. Msomee mwanao, kisha umpeleke akapimwe.

Na pa kumpeleka papo. Tangu 1984 Kenya ina vituo vya kutathmini watoto, ambavyo walimu huviita EARC, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Hapo mtoto hutazamwa kusikia kwake, kuona kwake na kufahamu kwake, kisha mzazi huelekezwa shule inayomfaa, ama shule maalumu, ama kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida. Katiba ya 2010, kifungu cha 53 na cha 54, imempa mtoto huyu haki ya kusoma. Mwalimu mkuu anayempokea hamfanyii fadhila. Na mtoto asiyeweza kufuata darasa la kawaida ana njia yake katika mtaala wa umilisi, hatua kwa hatua, mpaka kujifunza kazi ya mikono.

Lipo pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto hupimwa katika hospitali ya serikali, akaandikishwa, akapata kadi inayomfungulia mlango wa kuomba vifaa na msaada wa karo. Na jamaa fukara yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa inaweza kuomba fedha za mpango wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini wapo majirani zetu wanaozistahiki na hawajapata kuzisikia.

Kinachowakwamisha ni fomu, foleni, nauli na haya. Yote hayo sisi tunaweza kuyaondoa. Kamati ya msikiti imteue mtu mmoja, na akina mama wamteue mwenzao, wazijue njia hizi, wamsindikize mzazi. Vijana wetu waliosoma wajaze fomu. Mwenye tuktuk achukue mtoto mmoja wa shule maalumu kwa nauli ya kawaida, ajue yuko katika sadaka. Jirani akae na mtoto saa mbili Jumamosi, mama aende sokoni, aende harusini, au alale tu.

Wenye mali, zaka zenu zina mafungu manane yaliyotajwa katika Sura Tawba. Ulemavu peke yake si fungu, lakini ufukara ni fungu, na jamaa nyingi kati ya hizi ni mafukara kwa sababu mama hawezi kuacha mtoto akafanye kazi. Na asiyefikia nisabu ana mlango wa sadaka na wakfu. Si jambo geni katika dini yetu. Wanahistoria wamesimulia kwamba Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik alimpangia kila asiyejiweza mtumishi, na kila asiyeona mtu wa kumwongoza.

Walimu wa madrasa, msimrudishe mtoto mlangoni. Mkalisheni mbele, wekeni fimbo kando, na akihifadhi Alhamdu kwa mwaka mzima, mfurahieni. Msahafu wa nukta nundu upo. Lugha ya ishara ya Kenya imo ndani ya Katiba, basi nayo na ifike mimbarini. Na mtoto akipiga kelele ndani ya sala, kumbukeni kwamba Mtume alikuwa akisikia kilio cha mtoto akaifupisha sala kwa kumhurumia mama. Aliifupisha sala, hakumtoa mama msikitini.

Nanyi akina baba, mkutano wa shule maalumu usiwe wa kanga na buibui tupu. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Nenda, kaa na mwalimu, muulize mwanao anafundishwa nini muhula huu: kufunga vifungo, kuhesabu, kushika kijiko. Ukirudi nyumbani, mrudishie somo hilo hilo. Tena ingieni katika vyama vya wazazi, maana wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Leo baada ya sala, kila mmoja amtaje kwa imamu mtoto mmoja aliye mtaani kwake na hajapimwa au hasomi, kwa ridhaa ya wazazi wake. Wiki ijayo tuanze nao.

Ewe Mola wetu, wape watoto hawa elimu yenye manufaa, wape wazazi wao nguvu na riziki ya halali, na utujaalie sisi tuwe sababu ya wepesi wao. Usitufanye miongoni mwa wanaohimiza subira na kuzuia msaada. Amin, ya Rabbal-alamin.