Nani Aseme "Si Ndwele"?

Jumapili moja, kipindi cha ushuhuda, alisimama bwana mmoja ambaye mtaa mzima unajua alivyotoweka na fedha za kikoba cha akina mama. Akasema ameokoka, Mungu hakumbuki tena makosa yake, na yaliyopita si ndwele. Tukaitikia "Ameni!" kwa vigelegele. Safu ya nne, mama mtunza hazina wa kikoba kile alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya kanga yake.

Sina neno na wokovu wa yule bwana. Neno langu ni juu ya methali ile aliyoitamka. Siku hizi imegeuzwa kufuli: ikishatamkwa, aliyeumizwa hana ruhusa ya kusema. Mume mlevi huitamka, mwanasiasa aliyehama chama huitamka, na nusu ya pili, ile yenye kazi, "tugange yajayo", huachwa njiani.

"Tugange." Hapo hasemi mtu mmoja, wamekaa wawili au zaidi. Na mganga hagangi asichokiona. Wapo watakaobisha kwamba "si ndwele" maana yake jana haiumi tena, hivyo kuifunua ni kuchokonoa kovu. Hoja hiyo ina uzito. Ila kovu na kidonda havitofautishwi kwa umri. Kidonda cha miaka ishirini, hata kikifunikwa kitambaa safi, ni kidonda, na anayekibeba ndiye wa kwanza kusikia harufu yake. Ndiyo maana wengi wanaoimba kanisani kwamba wamewekwa huru hulala na aibu ile ile nyumbani.

Tazameni Petro alivyogangwa. Katika Injili ya Yohana moto wa makaa unatajwa mara mbili: uani kwa kuhani mkuu, alikoota moto huku akimkana Bwana wake, na ufukweni baada ya ufufuo. Alikana mara tatu. Akaulizwa mara tatu kama anampenda, na mara ya tatu alihuzunika. Yesu hakumwambia, "Tuyaache hayo." Alimwita tena penye makaa, akamlisha samaki na mkate, ndipo akamuuliza, na katika kuulizwa huko huko akamkabidhi kondoo. Chakula kilitangulia swali! Aibu haiponi kwa kuhojiwa na anayekuchukia, wala haiponi kwa kutoulizwa.

Ndugu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilijua hili. Hawakuishia kwenye wimbo wao wa "Tukutendereza". Waliungama, wakarudisha vya wizi, wakalipa madeni. Wengine walipitiliza, wakaanika hadharani siri zilizowahusu watu wengine, hilo silitetei. Lakini aliyekwisha kusamehewa na Mungu habishi hodi kwa jirani ili anunue msamaha. Hubisha kwa sababu hana tena cha kuficha.

Kwa hiyo nashikilia kwamba "si ndwele" ni neno la aliyedhulumiwa. Mdhulumu hulisubiri, halichukui mwenyewe.

Baada ya ibada nilimfuata yule mama.

"Shikamoo, mama. Umemsikia?"

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikia. Mungu amemsamehe, nami nafurahi. Ila kwangu hajapita." Akajifunga kanga vizuri. "Na mlango anaujua. Ndipo alipokuwa akinywea chai."