Marie Apokewa, Khadija Aachwa



Katika mwaka 2009 wataalamu watatu, Claire Adida, David Laitin na Marie-Anne Valfort, walifanya jambo huko Ufaransa ambalo twataka kulifikiri pamoja nanyi juma hili. Waliandika barua za kuomba kazi kwa majina ya wasichana wasiokuwapo duniani. Mmoja walimwita Marie Diouf, wa pili Khadija Diouf. Diouf ni jina la ukoo la Senegal. Hivyo kila bwana wa kazi aliyeisoma barua aliweza kutambua ya kuwa mwombaji ana asili ya Kiafrika. Elimu yao ilikuwa moja, na miaka yao ya kazi sawasawa. Tofauti ilikuwa hii: Marie aliwahi kutumika katika shirika la Kikatoliki la kusaidia maskini, na Khadija katika shirika la Kiislamu la kazi ile ile. Majibu yalipohesabiwa, katika kila barua 100 za Marie, 21 ziliitikiwa kwa mwito wa kuja kuonana. Katika kila barua 100 za Khadija ziliitikiwa 8 tu.

Tuseme kweli. Tulipoisoma habari hiyo, iliyochapishwa mwaka 2010, jambo la kwanza lililotujia moyoni halikuwa huzuni. Lilikuwa kitu kinachofanana na fahari: kumbe jina la ubatizo lina nguvu hata Ulaya, ambako twaambiwa kila siku ya kuwa makanisa yamebaki matupu! Tulikaa na fikira hiyo siku mbili tatu kabla ya kuiona aibu yake.

Wataalamu hao hawakuwachagua Wasenegali kwa bahati. Katika makabila ya Waserer na Wajola wamo Wakristu na wamo Waislamu, watu wa lugha moja na desturi moja, nao walianza kuhamia Ufaransa kwa wingi katika miaka ile ile ya 1970. Basi bwana wa kazi hawezi kujitetea na kusema, nimemwacha kwa sababu ya nchi atokayo, au kwa sababu ya rangi yake, au kwa kuwa wazazi wake walichelewa kufika. Marie naye ni wa nchi hiyo, wa rangi hiyo, wa safari hiyo. Nyuzi zote zimefumuliwa, umebaki uzi mmoja mkononi.

Hapa msomaji mwenye dhamiri nyofu atatuuliza: Je, barua hizo si uongo? Amri ya nane yasemaje? Swali hilo ni la haki. Tulipokuwa seminari kuu tulifundishwa ya kuwa lengo jema haliihalalishi njia mbaya, wala hatujalisahau fundisho hilo. Bwana wa kazi alipoteza dakika zake kwa mtu ambaye hayupo. Wafanyao uchunguzi wa namna hii hujibu ya kuwa mwito ukifika hukataliwa upesi na kwa adabu, ili mwombaji wa kweli asikose nafasi yake, na ya kuwa jina la bwana wa kazi halitangazwi. Sisi hatuwezi kusema ya kuwa jibu hilo limelimaliza shauri. Lakini twauliza nasi: udhalimu wa namna hii utafunuliwa kwa njia gani nyingine? Aliyenyimwa hajui kwa nini amenyimwa. Hana shahidi, wala hana neno la kupeleka barazani. Na aliyemnyima pengine hajui pia! Hakumchukia mtu. Alikuwa na barua, tuseme, 30 mezani, akazitenga 5, na mkono wake ukampita Khadija bila yeye mwenyewe kuuona mkono wake. Mtu wa namna hiyo akienda kuungama hana la kusema juu ya siku ile. Dhambi ambayo mwenyewe haioni ataitubu vipi, kama hakuna wa kumwonyesha?

Ndiyo sababu twasema elimu hii ya vyuo vikuu, ambayo wenzetu wengine huidharau na kuiita kazi ya kuhesabu hesabu, ina faida kwa roho. Tena si ya jana. Kati ya mwaka 1966 na 1967 shirika moja la uchunguzi la London, liitwalo Political and Economic Planning, liliwatuma watu watatu, Mwingereza, Mhungaria na mtu mweusi wa visiwa vya West Indies, wakaombe kazi zile zile na nyumba zile zile. Mhungaria naye alikuwa mgeni. Lakini aliyefungiwa milango mara nyingi kabisa alikuwa yule mweusi. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1965 juu ya ubaguzi wa rangi ilikuwa haigusi kazi wala nyumba. Sheria mpya ya mwaka 1968 iligusa vyote viwili, na ripoti ile ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoifungulia njia.

Na katika miaka ile ile ilifanyika kazi nyingine ambayo kwetu sisi ina uzito zaidi. John Rex, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, pamoja na mwenzake Robert Moore, walikwenda katika mtaa wa Sparkbrook, katika mji wa Birmingham, kuchunguza jinsi Waingereza, Waairishi, Wapakistani na watu wa West Indies walivyoishi pamoja. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Wenyeji walikuwa wakilalamika ya kuwa wageni wamejazana katika nyumba kubwa kuukuu, ya kuwa wameuchafua mtaa, na ya kuwa ndiyo tabia yao kupenda kuishi hivyo. Rex na Moore hawakuishia kusikiliza malalamiko. Waliuliza, wamefikaje katika nyumba hizo? Wakaona ya kuwa nyumba za halmashauri ya mji hazikutolewa kwa mtu asiyekwisha kukaa mjini miaka 5. Wakaona ya kuwa vyama vya kukopesha fedha za nyumba havikuwakopesha wageni kwa urahisi. Basi mgeni alibakiwa na njia moja: kununua nyumba kuukuu isiyotakiwa na mtu, kwa mkopo mkali, kisha kupangisha kila chumba ili aweze kulipa deni. Na wageni waliofika baada yake, ambao hawakuwa na mahali pengine pa kulala, waliingia humo. Kisha mji ule ule uliowanyima nyumba ukawalaumu kwa msongamano, na mwaka 1965 ukajipatia sheria ya kuzuia nyumba hizo zisienee!

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Katika habari hii yote, mwovu ni nani? Karani wa halmashauri alifuata kanuni. Mkopeshaji alilinda fedha za wanachama. Mwenye nyumba alitaka kulipa deni lake. Hata kanuni ya miaka 5 haikutaja rangi wala kabila la mtu. Na hata hivyo wageni walijikuta upande mmoja na wenyeji upande wa pili, kila upande ukimwona mwenzake kuwa ndiye adui. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1987 juu ya mambo ya jamii, alifundisha ya kuwa dhambi za watu hujengeka zikawa miundo, na miundo hiyo huwaelekeza wengine katika dhambi. Sisi tuliusoma waraka huo darasani na kuona ni maneno ya juu sana. Sparkbrook imetufafanulia.

Tangu hapo vyuo vikuu vya Ulaya vimeanzisha vituo vingi vya kuchunguza uhamiaji: Oxford mwaka 2003, Malmö huko Sweden mwaka 2007, na kwingineko. Wala Kanisa halikukaa nyuma. Mtakatifu Yohane Mbatizaji Scalabrini, askofu wa Piacenza, aliwaona wakulima maskini wa Italia wakisafiri kwa maelfu kwenda Amerika, naye mwaka 1887 akaunda shirika la wamisionari kwa ajili yao. Na wanashirika wake walifungua mjini Roma, mwaka 1963, kituo cha kuchunguza mambo ya wahamaji. Tusisahau, Wazungu nao walikuwa wahamiaji, tena wasiopendwa.

Tusimame hapo na kuwanyoshea Wazungu kidole? La. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mwezi uliofuata halmashauri ya mji wa Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mjini Kampala, ikiwasihi wasije kwao, kwa kuwa shule na nyumba zimejaa. Lilikuwa tangazo baya, na mji wenyewe baadaye uliliona hivyo. Wengi walikwenda tu. Na sensa ya mwaka 2021 ilionyesha ya kuwa katika Leicester hakuna kundi lolote la asili linalofikia nusu ya wakazi. Lakini waliosoma tangazo lile walikuwa wamefungasha mizigo tayari, na waliofanya wafungashe si watu wa Leicester. Walifukuzwa mbele ya macho ya majirani wao, na wengi wa majirani hao walikuwa wabatizwa, wanaokwenda Misa.

Turudi kwa Marie. Jina hilo ni la nani? Baba Mtakatifu Pio XII alipotoa waraka wake juu ya wahamiaji, mwaka 1952, aliuanza kwa kuitaja Familia Takatifu ikikimbilia Misri. Mama Maria alifika nchi ile akiwa mgeni, bila ukoo, na mtoto mikononi. Na sasa jina lake limekuwa kipimo cha kumwachia msichana mwingine mlango nje. Mtakatifu Yakobo aliwakaripia Wakristu wa kwanza kwa kumkaribisha vizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini pembeni. Nasi tumezoea kuisoma karipio hiyo kana kwamba yahusu mali tu.

Twaandika haya kwa sababu ofisi yetu wenyewe imepatikana. Mwezi uliopita tulitangaza nafasi ya mtunza hesabu wa gazeti hili. Kama tungetafuta katekista, kuuliza imani ya mwombaji ingekuwa haki, kwa maana imani ndiyo kazi yenyewe. Lakini hesabu za karatasi na wino hazina dini. Barua 14 zilifika. Tulizisoma jioni moja, sisi na msaidizi wetu, na kwa kila barua swali la kwanza lililotoka midomoni mwetu lilikuwa, huyu ni wa parokia gani? Barua 3 hazikuwa na parokia. Tuliziweka chini kabisa ya fungu, na hatukumbuki kama tulizisoma hadi mwisho.

Fungu lile liko kabatini bado, wala nafasi haijajazwa. Msaidizi wetu ameombwa azinakili upya barua zote, bila majina wala parokia, azitie nambari tu, na Jumatatu tutaketi tena kuzisoma.