Mwendo wa Mama

Wahenga walituachia methali mbili ambazo mama mwenye kazi huzisikia kwa pamoja, moja katika kila sikio. Ya kwanza husema haraka haraka haina baraka. Ya pili huonya kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi ni mzaliwa wa Nachingwea na ninafundisha Ruangwa. Nina watoto wawili wadogo, na kwa ajili yao nimeahirisha masomo ya shahada. Wenzangu niliohitimu nao chuo wamekwisha kuwa walimu wakuu. Je, kupunguza mwendo namna hii ni hekima, au ni jina zuri tu la kushindwa?

Mtu wa Nachingwea hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa haraka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na baadaye ikafika Urambo na kwetu Nachingwea. Mitambo iliangusha msitu kabla wenye mpango hawajaijua vema mvua wala udongo. Reli nayo ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mpango uliachwa, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea, na katika miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Watu wale hawakukosa nguvu wala elimu. Walikosa subira ya kuiuliza ardhi inaweza nini.

Mama naye hana budi kuuliza hivyo. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo isiyopungua siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha. Na akirudi kazini aruhusiwe kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Siku 84 hazifikii nusu ya miezi 6. Kwa hiyo mama anayepunguza kasi katika kipindi hicho si mvivu. Anafuata hesabu ambayo hakuipanga yeye.

Hata hivyo, sitaki kuusifia mwendo wa polepole kana kwamba kila mtu anaweza kuuchagua. Msimu wa korosho unapofika, jirani yangu huingia shambani na mtoto mgongoni, akaokota tangu asubuhi. Korosho zikianguka hazimsubiri mtu, na sheria niliyoitaja ni ya waajiriwa. Yeye hana mwajiri wa kumpa likizo. Kumwambia mama huyo apumzike, bila kumshikia kikapu wala mtoto, ni kumdhihaki.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya mkorosho mchanga. Mti huu huchukua kama miaka 3 kabla ya kuanza kuzaa, na miaka mingine kadhaa kabla ya kuzaa sawasawa. Mkulima wa Ruangwa haukasirikii. Hupanda ufuta au mbaazi katikati ya mistari, naye hupalilia. Mti uliopaliliwa unangoja. Mti uliomezwa na magugu haungoji, umetelekezwa. Kwa macho ya mpita njia yote miwili ni mifupi, lakini hali zake si moja.

Ndivyo ilivyo kwa matarajio ya mwanamke. Yakiahirishwa bila tarehe na bila msaidizi, hayo yameachwa. Sheria ile ile inampa baba likizo isiyopungua siku 3. Kati ya 3 na 84 tunaona nani ametarajiwa kupunguza mwendo. Lakini sheria imetaja kiwango cha chini tu. Haikumkataza baba kufua nepi siku ya nne, wala kumbembeleza mtoto usiku wa mwezi wa nne.

Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba mdogo akianza darasa la kwanza, mimi nitaingia chuoni, na mume wangu atashika zamu ya jioni na ya usiku. Baadhi ya ndugu wamecheka, wakasema mwanamume atapikaje uji. Uji haujui jinsia ya mwiko.

Basi siku hizi siulizi tena kama ninakwenda polepole mno. Nauliza nani anapalilia ninapongoja. Swali hilo ningependa waume, wakwe na waajiri walichukue nalo, kwa sababu mama akipunguza mwendo, haki ni kwamba walio pembeni yake waongeze wao kidogo.